Joto la Shingoni

Siku daktari alipogeuza kioo cha kompyuta ili na sisi tuone, shingo ya mdogo wangu ilikuwa inawaka. Kichwani kulikuwa na mwanga, kwenye moyo kulikuwa na mwanga, kwenye kibofu kulikuwa na mwanga mkali kuliko kote, na hayo yote daktari aliyapitia kwa kidole akisema ni kawaida. Kidole kilipofika shingoni kikasimama. Pande zote mbili, kuanzia chini ya masikio kushuka mpaka juu ya mabega, palikuwa na michirizi ya njano, imekaa sawasawa kulia na kushoto kama kamba za mkoba wa mgongoni.

Mdogo wangu aliitazama, halafu akatazama mikono yake. Uvimbe wake wa kwanza ulianzia hapohapo shingoni.

Mdogo wangu huyu ni wa kike, mkulima wa mpunga. Anakaa Lipangalala, pale Ifakara, pamoja na mama yetu. Mimi wakati huo nilikuwa nimepanga chumba Sanje, nanunua ndizi kwa wakulima wa chini ya mlima na kuziuza barabarani. Kabla ya ndizi nilikata miwa, kabla ya miwa niliendesha bodaboda, na katikati ya hapo niliwahi kufanya kibarua kwa watafiti wa mbu, kazi ya kuchota viluwiluwi kwenye madimbwi. Shule niliiacha darasa la sita kwa sababu sikuweza kukaa mahali pamoja, na mpaka leo siwezi. Lakini kujua vitu napenda. Nikimkuta mtu anafanya kazi nisiyoijua, nasimama, nasalimia, nauliza. Watu wengi hufurahi kuulizwa.

Kwa hiyo saratani ya tezi za limfu ilipompata mdogo wangu, familia iliamua mimi ndiye nitakayemsindikiza kwenye matibabu Dar es Salaam. Sababu iliyotolewa mbele ya watu ni kwamba sina mke wala shamba la kuacha. Ile nyingine mama alinipa tukiwa wawili.

"Wewe hunyamazi," alisema. "Huko wanataka mtu asiyenyamaza."

Dawa alizimaliza wakati mpunga unavunwa. Nywele zilianza kurudi, laini kama za mtoto, lakini mwili ulikuwa umeisha, magauni yote yanamning'inia. Kilichobaki kilikuwa picha moja kubwa ya kuonyesha kama ugonjwa umekwisha au bado upo. Ikitoka safi, anarudi shambani. Isipotoka safi, anaanza dawa nyingine, kali kuliko zile za kwanza. Na mdogo wangu alikwishaniambia ndani ya basi, tukiwa tunapita Mikumi na yeye ametazama nje, kwamba hizo hatazikubali.

"Nitalala kwangu," alisema. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayekataa sahani ya pili.

Niliuliza picha yenyewe inafanyaje kazi. Fundi wa picha, kijana mpole mwenye sauti ya chini, alinieleza vizuri. Mgonjwa anakaa na njaa, kisha anapigwa sindano ya sukari iliyotiwa mionzi kidogo. Analala kimya kama saa nzima bila kusema, bila kutembea, sukari inazunguka mwilini. Seli za saratani zina ulafi wa sukari, zinaichukua nyingi kuliko seli nyingine. Kisha mashine inatafuta sukari imekwenda kukaa wapi, na pale ilipokaa panawaka kwenye picha.

Hilo nililielewa haraka. Kwenye miwa, kabla ya kukata, shamba huchomwa moto ili majani makavu yaishe. Moto ukizimika, watu hupita kukagua kama kuna kisiki kinachofuka, maana kisiki kimoja kikiachwa kinaweza kuamsha moto kwenye shamba la jirani. Nikamwambia mdogo wangu, wanataka kupita kukagua visiki. Akasema sawa, wakague.

Tulifikia kwa binamu yetu, Mbagala. Ilikuwa Julai. Asubuhi ya picha, mdogo wangu aliamka alfajiri akaoga maji ya kwenye pipa, baridi kama yalivyo, kwa sababu kwetu mtu haendi kwa daktari bila kuoga, na kumwomba mwenyeji akuchemshie maji ni kumwongezea kazi. Akavaa gauni lake la kanisani, jepesi, la mikono mifupi. Kitenge cha kujitanda aliniachia mimi nikishike, kwa sababu kilikuwa kimepauka na hospitali ile ilikuwa na sakafu ya kung'aa.

Chumba cha kusubiria sindano kilikuwa na kiyoyozi kikubwa, kimeelekea kitanda moja kwa moja. Mimi niliruhusiwa kusimama mlangoni. Yule kijana alimlaza, akamfunika shuka jembamba la hospitali, akamuuliza:

"Mama, husikii baridi?"

"Hapana, baba. Kuzuri tu."

Nilimwona mikono. Vinyweleo vilikuwa vimesimama kama vya kuku aliyenyonyolewa.

"Anasikia baridi huyu," nikasema.

Mdogo wangu akainua kichwa kidogo kutoka kwenye mto. "Baba, msamehe kaka yangu. Anapenda kusema."

Kijana akacheka, akanionyesha benchi la nje kwa heshima, akafunga mlango.

Mtu asiyetoka kwetu anaweza kumwona mdogo wangu mjinga. Si mjinga. Amelelewa. Mama yetu alitulea kwamba ukiwa kwa watu, kila kitu ni kizuri. Chumvi ikizidi, unasema chakula kitamu. Ukilazwa kwenye mkeka wenye kunguni, asubuhi unasema umelala salama. Ukiulizwa hujambo, unasema sijambo, hata kama umeletwa kwenye machela. Mimi sheria hiyo ilinipitia pembeni. Kwa mdogo wangu iliingia mpaka kwenye mifupa.

Ndiyo maana tulikuwa tumekaa mbele ya daktari, na shingo inawaka kwenye kioo.

Daktari alikuwa mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kamba. Hakuharakisha. Alisema mwilini kuna mafuta ya aina mbili. Kuna meupe, haya yanayotunenepesha, kazi yake ni kuweka akiba. Na kuna mafuta ya kahawia, ambayo hayaweki akiba yoyote. Yenyewe yanachoma. Yanachukua sukari na mafuta, yanayachoma ili mwili upate joto. Watoto wachanga wanayo mengi, kwa sababu bado hawajaweza kutetemeka kama sisi. Wakubwa tunabaki nayo kidogo, wengine zaidi ya wengine, na yanakaa shingoni, juu ya mabega, kando ya uti wa mgongo.

"Mtu akisikia baridi, yanawaka," alisema. "Na mashine haijui nani anakula sukari kwa ajili ya ugonjwa na nani anakula kwa ajili ya baridi. Inaona tu sukari imekwenda wapi."

"Kwa hiyo hii si saratani?" nikauliza.

"Sijasema hivyo." Alileta picha nyingine, ya kijivu, inayoonyesha maumbo ya ndani. "Sehemu kubwa ya hapa panapowaka, nikitazama umbo, naona mafuta, sioni tezi iliyovimba. Lakini hapa kushoto, juu ya huu mfupa wa chini ya shingo, kuna tezi ndogo. Imezungukwa na mwanga kila upande. Siwezi kusema kama inawaka yenyewe au inamulikwa na majirani zake."

Kisha akamgeukia mdogo wangu. "Siku ile ya picha, ulisikia baridi?"

"Hapana, daktari. Kulikuwa kuzuri."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Mlitupokea vizuri sana."

"Daktari," nikasema, "alikuwa anatetemeka."

"Kaka."

"Alioga maji ya pipa alfajiri, akalala chini ya kiyoyozi na gauni la mikono mifupi."

"Kaka, nyamaza."

Daktari alivua miwani, ikaning'inia kifuani. "Dada, sikuulizi kama tulikupokea vizuri. Nakuuliza kama ulisikia baridi."

Mdogo wangu alikunja ncha ya kitenge, akaikunjua.

"Kidogo," akasema.

"Kidogo kiasi gani?"

"Meno yalikuwa yanagongana."

Daktari alicheka kwa mabega, bila sauti. Akasema picha itarudiwa, na safari hii tuje na joto letu. Tangu siku ya kuamkia picha avae nguo nzito na soksi, aoge maji ya moto, asikae kwenye upepo. Siku hiyohiyo ale samaki, mayai, nyama. Asile wali wala ugali wala kitu chochote kitamu, ili yale mafuta yasiwe na hamu ya sukari. Asubuhi yenyewe atapewa kidonge cha kuyatuliza. Akatupa siku ya kurudi, majuma machache mbele, tukaagana.

Mimi nilitoka pale nimesimama wima. Mwili wa binadamu una jiko lake shingoni na nilikuwa nimefika umri huu bila mtu kuniambia. Nilipanga kumwambia kila mtu kuanzia Mbagala mpaka Sanje. Mdogo wangu alitazama nje mpaka basi lilipopita Morogoro.

"Yule daktari ni mtu mzuri," alisema.

"Sana."

"Anajua kumwambia mtu taratibu."

Nikamgeukia. "Hakukwambia taratibu. Alikwambia vilevile ilivyo."

"Kaka, wewe uwe daktari. Mgonjwa ametoka mbali, shingo inawaka palepale ugonjwa ulipoanzia. Utamwambia nini? Utamwambia ni mafuta, aende kwao akapumzike." Akajishika mkono wa juu, vidole vikakutana. "Mafuta. Mwili huu, mafuta yatoke wapi?"

Nilimweleza tena, ya kahawia, ya meupe, yanayochoma, yasiyochoma. Alinisikiliza kwa adabu yote. Tulipofika kwenye mashamba ya miwa alikuwa amelala.

Nyumbani alianza kugawa vitu. Hakutangaza. Nilikuja Lipangalala siku moja na mkungu wa ndizi, nikamkuta anamtolea jirani mbegu yake ya mpunga wa supa. Mbegu ile alikuwa ameichagua shuke kwa shuke, miaka kadhaa, akitupa kila lenye punje nyekundu, na watu wa huko mabondeni walikuwa wanaijua. Jirani alikuwa mwanamke aliyejifungua karibuni, mtoto yuko mgongoni, na alikuwa anapokea gunia huku anaona haya.

"Na mwakani utapanda nini?" nikamuuliza mdogo wangu, mbele ya jirani.

"Mwakani ni mbali."

"Na Dar tunarudi lini?"

"Nenda wewe. Wewe unapenda kuuliza."

Asubuhi ile kulikuwa na ukungu na ubaridi kidogo, ule wa Julai unaotoka upande wa milima. Nilimwomba jirani anionyeshe mtoto. Alimfungua mgongoni, nikapitisha mkono chini ya kinguo chake, katikati ya mabega. Palikuwa na moto kama mkate uliotoka kwenye jiko sasa hivi. Miguu yake midogo ilikuwa ya baridi.

"Weka mkono hapa," nikamwambia mdogo wangu. "Ndiyo yale mafuta."

Aliweka. "Kaka, ametoka mgongoni kwa mama yake. Hata mkungu wako wa ndizi ukiubeba hivyo utapata joto."

Jirani akacheka mpaka akakaa. Alikuwa amesema kweli. Lakini niliona mkono wake haukutoka haraka.

Mama alikuwa kibarazani anapepeta mchele kwenye ungo. Alikuwa amesikia yote, na ya Dar nilikuwa nimekwisha kumsimulia. Aliendelea kupepeta mpaka jirani alipoondoka na gunia lake, ndipo akauweka ungo chini.

"Yule kijana wa mashine alikuuliza kama unasikia baridi?" akamuuliza mdogo wangu.

"Aliniuliza, mama."

"Na ulikuwa unasikia?"

"Nilikuwa nasikia."

"Ukasema husikii."

"Ndiyo, mama."

"Na daktari naye ukamwambia hivyohivyo."

Mdogo wangu akaokota punje ya mchele kibarazani.

"Basi katika nyumba ile," mama akasema, "aliyesema uongo kwa adabu ni mmoja, na siye daktari."

Aliokota kijiwe kwenye ungo, akakitupa uani. Kuku akakikimbilia, akakiacha.

"Mimi ndiye niliyekufundisha kunyamaza kwa watu. Nilikufundisha kwa ajili ya harusi na misiba na kulala ugenini. Kule hakuna mwenyeji wa kumwonea haya. Kule wanakuuliza kwa sababu hawajui. Nenda ukawajibu."

Akarudi kwenye mchele wake. Jioni nilimwona mdogo wangu anashona kifungo cha sweta.

Safari ya pili tulikuwa kichekesho. Ubaridi ulikuwa umepungua, basi limejaa, watu wanajipepea, na mdogo wangu amevaa sweta, soksi za sufu na kitenge kilekile kilichopauka, amekijitanda mpaka masikioni.

"Dada, unakwenda Ulaya?" kondakta akamuuliza.

"Nakwenda Dar."

"Dar kuna joto, dada."

"Ndilo ninalolifuata."

Kwa binamu alikula samaki na mayai siku nzima, akitazama sufuria la wali la watoto kama mtu anayetazama kwao kutoka ng'ambo ya mto. "Zile dripu zote zilikuwa mchezo," aliniambia. "Dawa kali ndiyo hii." Alfajiri nilimsikia uani akimwambia binamu, kwa sauti ya chini lakini bila kuzunguka, kwamba anaomba maji ya moto. Binamu akasema, kumbe siku zote ulikuwa unayataka. Akasema ndiyo.

Chumba kilikuwa kilekile, kijana yuleyule. Alimpa kidonge, akasubiri, akaandaa sindano. Mimi nilisimama mlangoni. Nilikuwa nimeapa kimoyomoyo kwamba leo sisemi, na kuapa huko kulinitoa jasho kuliko miwa.

"Mama, leo husikii baridi?"

Mdogo wangu alitazama dari.

"Nasikia," akasema.

Kijana akasimama.

"Hicho kiyoyozi kizime, baba. Na hili blanketi ni jembamba, niletee lingine." Akavuta pumzi, na kwa kuwa mlango ulikuwa umekwisha kufunguka ndani yake, akaendelea. "Na huo mlango ufunge. Kaka yangu anaingiza upepo."

Kijana alizima, akaleta mablanketi mawili, akanifungia nje.

Benchi la nje lilikuwa gumu. Nilikaa nikifikiria ile tezi ndogo ya kushoto. Mafuta nilikuwa nayaamini. Niliamini kila neno la daktari, lakini daktari mwenyewe alisema kuhusu tezi ile hajui, na mtu anayesema hajui inabidi umwamini hapo pia. Nilikuwa nimemshawishi mdogo wangu kwa majuma yale yote kama vile jibu ninalo mfukoni. Sikuwa nalo. Nilichokuwa nacho ni kwamba swali sasa limeulizwa vizuri, na hilo kwangu si jambo dogo. Nimeona watu wengi wakibeba jibu la swali lililoulizwa vibaya na kuishi nalo.

Tuliporudi kwa daktari alikuwa ameziweka picha mbili pamoja, ya zamani na mpya. Kichwa kilikuwa kinawaka kwenye zote mbili, kibofu vilevile. Kwenye ya zamani, kamba za mkoba zilikuwa palepale. Kwenye mpya, shingo ilikuwa giza. Giza kamili, kulia na kushoto, kama shamba lililokaguliwa.

"Na ile tezi?" nikauliza.

Daktari aliikuza picha mpaka ikajaa kioo, akaweka kidole juu ya mfupa wa kushoto. "Hii hapa. Imelala. Haili kitu." Akamtazama mdogo wangu. "Sioni ugonjwa unaofanya kazi popote. Utaendelea kuja tukuangalie. Lakini dawa nyingine huhitaji."

Mdogo wangu aliinama karibu na kioo, mpaka mwanga wake ukampiga usoni.

"Kwa hiyo yalikuwa mafuta," akasema.

"Yalikuwa mafuta."

"Mimi nilidhani unanihurumia."

"Nilikuhurumia pia," daktari akasema. "Lakini niliyokwambia ni niliyoyaona."

Mdogo wangu aliitikia kwa kichwa. Kisha akauliza, swali la kwanza nililowahi kumsikia akimwuliza daktari yeyote, kama anaweza kuvua sweta sasa, maana anaungua.

Tulifika Ifakara siku iliyofuata, kabla jua halijazama. Nilitaka tukae kwanza, tunywe chai, nimsimulie mama mwanzo mpaka mwisho. Mdogo wangu alimsalimia mama, "Shikamoo," akashikwa mikono yote miwili, akasema neno moja tu, "Safi." Mama akafunika uso kwa upande wa kanga. Mdogo wangu hakukaa. Aliweka mkoba chini, akatoka, akavuka uani kwenda kwa jirani, nami nikamfuata.

Jirani alikuwa anamnyonyesha mtoto mlangoni.

"Karibu, dada. Habari za safari?"

Hapo, kwa kawaida yetu, ilitakiwa habari njema, na za nyumbani, na mtoto anaendeleaje, na mvua, na mpaka jua lizame ndipo neno lenyewe liguswe kwa mbali.

"Nimekuja kuchukua mbegu yangu," mdogo wangu akasema.

Jirani alimtazama, akanitazama mimi. "Lakini dada, ulinipa."

"Nilikupa nikiwa nakufa. Sifi tena." Akashika gunia lililokuwa limesimama nyuma ya mlango, akalipima kwa mkono. "Nitakuachia debe moja ili na wewe upande. Linalobaki kaka atanibebea."

Nikainama, nikalitupia begani.